Kiingereza cha Sahani Tu

Wako wenye hoteli wanaojisifu kwamba wanawafundisha watumishi wao Kiingereza. Kiingereza gani? Karibu bwana, ndiyo bwana, samahani bwana. Basi! Kasuku naye ayaweza hayo.

Hapa Epulu wageni si jambo jipya. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Patrick Putnam alijenga kambi yake ukingoni mwa mto, akapokea wageni wenye kulipa. Leo Barabara ya Taifa namba 4 yapita papa hapa, na tangu mwaka 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kijana atakaye kujua Kiingereza hana kosa.

Lakini wenye hoteli husema, “Atajifunza kwa kuwasikia wageni.” Haya, tazameni. Kwa Kiingereza kumi na tano na hamsini hukaribiana mno kwa sauti: fiftini, fifti. Mgeni asema upesi huku anatafuna. Mtumishi asikia vibaya, hesabu yapungua. Nani alipa? Yeye mtumishi, kwa mshahara wake! Naye hakufundishwa hata kusema, “Tafadhali, rudia polepole.”

Mfundisheni hesabu kwanza, na saa, na siku. Mfundisheni kuuliza mshahara ni kiasi gani na utalipwa lini, na kusoma karatasi kabla ya kutia sahihi. (Labda hilo ndilo linaloogopwa.) Nusu saa ya asubuhi, kabla meza hazijapangwa, yatosha kuanza.

Bwana mwenye hoteli atajibu kwamba nafasi hana. Mbona ya kumkemea anayo?