Moshi wa pikapu yako unaishia kwetu

Ndugu vijana wa Lubumbashi, leo hatuongelei kura wala umeme wenye kukatika. Tunaongelea bomba. Ile bomba ya chuma chini ya pikapu ya mazutu, yenye tunaita eshapema, na ile kazi ya kuikata yenye imekuwa modi katika garaji zetu kutoka Kampemba mpaka Ruashi.

Nianze na kosa langu mwenyewe, juu sipendi watu wanaohubiri na mikono yao iko michafu. Niko na lisansi ya kemia. Niko pia shomeri, sawa na wengi wenye wanasoma hapa. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nasaidia kwenye garaji ya yaya wangu: nashika taa, napitisha funguo, nafagia. Siku moja ikaingia pikapu ya okazyo kutoka Ulaya, taa ya njano imewaka kwenye tablo, gari imekosa nguvu. Mwenye gari hakuuliza ugonjwa ni gani. Alisema tu: "Fundi, toa ile kitu, inabana motere."

Tukaitoa. Tulikata boksi na meule, tukatoa lile jiwe la ndani lenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, tukachomelea bomba tupu mahali pake. Kijana wa kompyuta akaja kufuta taa, ili gari isijue imekatwa nini. Mzee akapanda, akakanyaga, moshi mweusi ukajaa kiwanja chote. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, na miaka yangu yote ya kemia.

Sasa nieleze tulitupa nini siku ile, maana wengi wanakata bila kujua. Lile jiwe ni filtri ya masizi. Vitundu vyake vimezibwa kwa zamu, kimoja mbele, kingine nyuma, ili moshi ulazimike kupenya ukuta na masizi yabaki ndani. Yakijaa, kompyuta inapandisha joto mpaka karibu digrii 600 na kuyachoma. Mbele ya filtri kunakuwa katalizeri, inayogeuza gesi mbaya kuwa nyepesi kidogo. Ukivitoa vyote viwili, masizi hayapotei. Yanahama tu. Yanatoka kwenye gari yako na kuingia kwa mama mwenye anauza kando ya barabara.

Mama yangu ni mmoja wao. Anakaanga vitumbula asubuhi pembeni ya kituo cha taksi, kabla ya jua kutoka. Pikapu zikisimama pale kungoja wateja, motere zinaunguruma, na ikifika saa mbili kitambaa cheupe anachofunikia beseni kimekuwa na rangi ya majivu. Kitambaa anakifua. Kifua chake atakifua na nini? Mwaka 2012, shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu vyenye vinaleta kansa kwa binadamu bila mashaka. Kundi moja na tumbaku. Lakini tumbaku mtu anaiwasha mwenyewe.

Najua mafundi watanijibu nini. Watasema: "Mudogo, wewe unaongea kitabu. Mazutu ya hapa inaua filtri." Na wako na haki nusu. Mazutu yenye salfa nyingi inaharibu katalizeri na kujaza filtri mbio. Ulaya mazutu ya barabarani haipiti sehemu 10 za salfa kwa milioni. Mwaka 2016 shirika la Uswisi, Public Eye, lilitoa ripoti ya kuonyesha namna makampuni ya biashara ya mafuta yanavyochanganya na kuuza Afrika mazutu yenye salfa mara mamia zaidi ya ile inayokubaliwa kwao. Wanatutumia gari yao iliyochoka, kisha wanatutumia mafuta yenye inamalizia kuiua. Hasira hiyo ninayo pia.

Ila nusu ile nyingine ni uvivu wetu. Filtri yenye imejaa inasafishwa. Mara nyingi gari imejaa masizi juu inazunguka paka mjini, kilomita mbili, inasimama, kilomita moja, inasimama, na joto halifiki. Ipeleke barabara ya Likasi, nusu saa kwa mwendo usiobadilika, na filtri nyingi zitajichoma zenyewe. Ikikataa, ile kompyuta yenye kijana alileta kufuta taa ina uwezo pia wa kuamuru kuchoma masizi. Mashine ni ileile! Ikikataa tena, filtri inatolewa, inaoshwa, inarudishwa. Ni kazi ndefu kidogo, inalipwa kidogo zaidi. Yaya wangu anaijua. Lakini hakuna mteja mwenye aliwahi kupiga makofi juu ya filtri iliyooshwa.

Na tuache ule uongo wa nguvu. Ukifungua bomba bila kugusa kitu kingine, nguvu inayoongezeka ni ndogo. Kinachoongezeka ni kelele, na kelele inadanganya mguu wa shofere. Wenye wanataka nguvu kweli wanaprogramu kompyuta imwage mazutu zaidi. Hapo ndipo moshi mweusi unatoka. Moshi mweusi ni mazutu yenye haikuungua vizuri. Ni franga zako zinatoka nyuma, na wewe unazionyesha kwa watu kama vile ni sifa.

Modi hii hata si yetu. Marekani kuna vijana wanafanya vile kwa makusudi, wanamwagia moshi watu wa baiskeli na kucheka. Mwaka 2020 serikali yao ilikadiria kwamba pikapu za mazutu zaidi ya 550,000 zilitolewa vifaa vya kusafisha moshi ndani ya miaka kumi. Tofauti ni kwamba kule sheria inawafuata wauzaji wa vifaa vile na kuwatoza faini. Sisi tunaiga moshi, faini hatuigi.

Kuna jambo lingine lenye linaniuma kuliko moshi. Lile jiwe tulilotoa halikwenda jalalani. Mtu alikuja kununua vyote viwili, katalizeri na filtri. Akageuza mkononi, akaangalia, akatoa dola chache, akaenda. Ndani ya vitu vile mna platini na paladi. Sisi watoto wa Katanga, tunaolia kila siku kwamba kobalti yetu inatoka bila kupimwa, tumeuza madini kwa macho, nyuma ya garaji, na tukasema asante papa.

Salfa nayo tunaijua tangu zamani. Kiwanda cha hapa kiliyeyusha shaba kwa mara ya kwanza mwaka 1911, na moshi wake, pamoja na salfa yake, ukasukumwa na upepo wa kusini-mashariki juu ya Penga Penga. Miti ilikufa, udongo ukabaki na shaba mpaka leo. Nani aliuliza watu wa Penga Penga kama wanakubali? Leo shimineyi ile tunaichora kwenye tisheti. Na kila mwenye pikapu anatembeza shimineyi yake ndogo, anaichagulia mwenyewe avenyu ya kupitia.

Utaniambia gari ni yako. Sawa. Hewa si yako. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Sheria ya mazingira iko tangu 2011. Ya barabara iko tangu 1978. Karatasi tuko nazo za kutosha. Mimi nimeona karatasi ya kontroli tekniki ikiletwa garajini ndani ya bahasha, gari iko juu ya mawe, haina hata magurudumu. Ilifaulu.

Kwa hiyo hatutaki kuona polisi ya barabarani wakigeuza maandishi haya kuwa njia mpya ya kukamata mashofere wa taksi na kuwakamua. Shofere wa taksi hakuagiza mafuta. Tunaanza juu. Wenye kuagiza mazutu yenye inapita Kasumbalesa watangaze kipimo cha salfa, kwa kila shehena, na kituo cha mafuta kikibandike kwenye pompi kama vile kinavyobandika bei. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wakati ule jumuiya ile ilikuwa na kipimo cha sehemu 50 kwa milioni. Serikali itwambie yetu ni ngapi. Kontroli tekniki ifanywe na mashine ya kupima moshi, gari ikiwa pale, motere ikiwaka. Makampuni ya migodi, yenye yana pikapu kwa makumi na pesa ya kuosha filtri, yaanze kupimwa mbele ya mtu wa taksi. Pikapu zao nyingi zilitoka kiwandani bila filtri, najua. Basi angalau silansie ibaki mahali pake, na motere yenye kutoa moshi mweusi itengenezwe kabla ya kurudi barabarani.

Na sisi vijana tuache kurusha video za moshi. Ukiona ndugu yako amefungua bomba na anatafuta sifa, usimpe.

Nilimtafuta mwenye ile pikapu tuliyokata. Nilimwambia tunaweza kumtafutia filtri nyingine, nitafanya kazi bure. Alicheka sana, akaniuliza kama nimekosa kazi kiasi hicho. Nikamjibu ndiyo. Kwa hiyo fundi mwenye unasoma hapa, siku mteja atakuja na taa ya njano, mwambie kwanza bei ya kusafisha, kisha utuandikie. Nitakuja kukushikia taa. Muda niko nao.