Mashine Hazitoshi Pasipo Wenye Kufikiri

Kila makadirio ya fedha za serikali yanapokaribia kusomwa, husikika katika nchi nyingi zenye mfuko mdogo hoja ya kwamba hizi ni zama za kompyuta, na kwa hiyo fedha zote za sayansi zitumike kununua mashine. Lau hoja hiyo ingeishia hapo, tungesema ina nusu ya ukweli. Lakini hufuatwa na ya pili: kwamba mtaalamu akaaye chuoni akichora nukta na mistari, akitafuta kanuni ambazo bado haijulikani zitamfaa nani, ni mzigo kwa mlipa kodi. Sisi twaamini kwamba hoja hii ya pili ni ya hatari, na twawaomba wananchi waipime vema kabla ya kuikubali.

Liko tawi moja la elimu liitwalo jiometri ya kompyuta. Kazi yake ni kutafuta njia fupi za kujibu maswali ya mahali na umbo: kituo kipi kiko karibu zaidi, mipaka miwili yakutana wapi, uzio upi ulio mfupi kabisa utazunguka miti yote ya shamba. Njia hizo, yaani mpango wa hatua moja baada ya nyingine ambao mashine huufuata, ndizo wataalamu waziitazo algoriti. Asiyezijua aweza kudhani ya kwamba mbio za mashine ndizo zimalizazo kazi. Sivyo. Mashine hufuata njia iliyoonyeshwa, na njia ikiwa mbovu, mbio zake ni za bure.

Tutoe mfano. Tuseme ramani ina nukta milioni 1, na twataka kujua ni mbili zipi zilizo karibu zaidi kuliko nyingine zote. Njia ambayo kila mtu angeifikiria kwanza ni kupima kila nukta na kila mwenzake. Hapo patakuwa na jozi karibu bilioni 500. Mashine ipimayo jozi milioni 1 kwa sekunde itafanya kazi usiku na mchana kwa siku karibu 6. Mwaka 1975, Michael Shamos na Dan Hoey wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa makala kuonyesha kwamba taabu yote hiyo si ya lazima. Mojawapo ya njia zilizokuja katika kazi za miaka hiyo ni hii: gawanya nukta kwa mstari ziwe mafungu mawili sawa, na kila fungu uligawanye tena vivyo hivyo, mpaka yabaki mafungu madogo kabisa. Kisha uyaunganishe, na kila uunganishapo tazama zile tu zilizo kandokando ya mpaka, maana zilizo mbali na mpaka zimekwisha pimwa katika mafungu yao. Hatua za kazi zitashuka mpaka makumi ya mamilioni, na mashine ile ile itamaliza kwa dakika chache.

Sasa na tumfikirie mtu aliyeidharau elimu hiyo, akaenda kununua mashine yenye mbio mara 100. Akishika njia ya zamani, atangoja zaidi ya saa 1 na dakika 20, na hali mwenzake mwenye mashine kuukuu na njia bora amekwisha maliza zamani. Tena, nukta zikiongezeka zikawa milioni 10, jozi huongezeka mara 100, na yule mwenye mashine ya gharama arudi pale pale pa siku karibu 6. Fedha yake yote imemezwa. Hii ndiyo sababu twasema kwamba ni nchi yenye fedha kidogo, kuliko nchi tajiri, ipaswayo kuwathamini watu wa kutafuta njia. Tajiri aweza kulipia ujinga wake kwa muda, maskini hawezi.

Wako watakaojibu kwamba njia hizo zimekwisha gunduliwa na wengine, basi sisi tuzichukue tu. Jibu letu laweza kuonekana katika historia ya elimu yenyewe. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 500 katika mtaa wa Soho, London, kwa muda wa siku chache. Daktari John Snow aliweka alama ya kila kifo juu ya ramani. Baadaye akachora juu ya ramani hiyo mstari uliopita mahali ambapo mtu angetembea umbali sawa kuifikia pampu ya maji ya Broad Street au pampu nyingine. Vifo vilionekana kujaa ndani ya mstari huo, hasa karibu na pampu ile. Mwaka 1908 Georgy Voronoi, mwanahisabati aliyezaliwa Ukraine, alichapisha uchunguzi mrefu wa kugawanya nafasi namna hiyo, kila kituo kikapata eneo lililo karibu nacho kuliko vituo vingine vyote. Alikuwa akishughulika na elimu ya hesabu tupu. Akafa mwaka ule ule, naye ana umri wa miaka 40. Ikapita miaka 67 ndipo makala ile ya Shamos na Hoey ikatoa njia ya haraka ya kuichora michoro ya Voronoi kwa kompyuta. Na katika miaka ya 1980 Steven Fortune akapata njia nyingine nyepesi, ya kupitisha mstari mmoja juu ya uwanja kama mtu afagiaye ua. Leo michoro hiyo hutumika katika kupanga vituo vya huduma, kukadiria mvua ya eneo zima kwa vipimo vya vituo vichache, na mengi mengineyo.

Lau mtu angalimwendea Voronoi akamdai faida kabla ya mwaka kwisha, angalipewa jibu gani? Haraka haraka haina baraka, na katika elimu neno hili ni kweli mara mbili.

Liko na jambo la pili ambalo historia hiyo yatufundisha. Snow hakupima kwa mstari mnyoofu wa ramani tu. Alihesabu mwendo wa miguu katika njia za mtaa ule, kwa kuwa aliujua. Kanuni ya karibu haina maana mpaka ajulikane atembeaye. Katika Tanzania, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini aliufikia mto Rufiji akategemea kivuko, na mafuriko yalipokuja alikaa ukingoni akingoja. Kompyuta iliyopewa umbali wa mstari mnyoofu ingalimwelekeza mgonjwa wa ukingo mmoja aende zahanati ya ukingo wa pili. Wala isingekuwa imekosea, maana ingalijibu swali iliyoulizwa. Kosa lingekuwa la aliyeuliza asiyeujua mto. Programu iliyonunuliwa ng'ambo haijui masika yetu, vivuko vyetu wala njia za mguu ambazo hazimo katika ramani. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Kwa hiyo twatoa rai tatu. Kwanza, kila fungu la fedha za kununulia mashine liandamane na fungu la kuwasomesha na kuwaweka vyuoni vijana wa hesabu, kwa mshahara utakaowafanya wakae. Pili, wasidaiwe faida kwa kalenda ya mwaka wa fedha, bali wapimwe kwa ubora wa kazi yao machoni pa wajuzi wenzao. Tatu, na hili ni deni la wataalamu wenyewe, wasijifungie. Aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima yampasa amweleze mkulima, kwa lugha aijuayo, kwa nini zahanati imewekwa pale na si hapa, na kanuni iliyotumika iwekwe wazi ili apendaye aihakiki. Uamuzi utokao katika mashine bila ya kuelezwa ni amri tu, hata ukipambwa kwa tarakimu.

Mashine ya leo itakuwa chakavu baada ya miaka michache. Njia iliyopatikana mwaka 1975 yatumika hata sasa, wala haijapata kutu. Wenye kuandika makadirio na walitie hilo katika hesabu zao.