Usiazime Ratiba ya Mwenzio

Jamaa nyingi za Kongo zimehamia Marekani, na baadhi ya watoto wao wataka kuwa mawakili. Wakifika mlangoni pa shule ya sheria, kwa kawaida hukuta mtihani uitwao LSAT. Ndipo huuliza: Tusome miezi mingapi? Twapenda kulijibu swali hilo leo, maana yafaa wazazi nao wajue kinachowahangaisha watoto wao.

Kwanza tuujue mtihani wenyewe. Ulianza kutolewa mwaka 1948, nao hauulizi sheria hata moja. Wapima kama mtu aweza kusoma maneno magumu na kuyafahamu, tena kama aweza kupambanua hoja iliyo sawa na hoja yenye kasoro. Una sehemu 4, kila moja ya dakika 35. Mbili ni za hoja, moja ni ya kusoma, na moja zaidi haihesabiwi, lakini mtahiniwa hajui ni ipi. Alama zaanza 120 na kuishia 180. Shule nyingi huzitazama pia zinapoamua nani apunguziwe karo. Basi alama chache tu zaweza kuiondolea jamaa deni la miaka mingi.

Kwa kuwa mtihani huu wapima ustadi, si kumbukumbu, kukesha juma la mwisho hakusaidii. Hakuna ajifunzaye kupiga kasia usiku mmoja.

Hapa ndipo vijana wengi hukosea. Mwenzao aliyefaulu asema: "Mimi nilisoma miezi 3," nao huiazima ratiba yake. Tufanye hesabu. Yule aliyefaulu alikuwa na nafasi: saa 2 kila siku, siku 5, na saa 4 Jumamosi. Hizo ni saa 14 kwa juma. Kwa majuma 12 ni saa 168. Aliyemwiga hufanya kazi mchana kutwa. Apata saa 1 kwa siku, na 3 Jumamosi, jumla 8. Kwa majuma 12 hufikisha saa 96 tu! Ili amfikie mwenziwe, anahitaji majuma 21. Si mvivu wala si mjinga. Amevaa nguo isiyo kipimo chake.

Tena ratiba ya kuazima yaweza kuwa ya mtihani uliokwisha kubadilika. Mwezi wa Agosti 2024 sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na vitu iliondolewa. Afuataye ratiba ya kale atapoteza majuma mengi akijifunza yasiyoulizwa tena.

Basi, kijana, fuata njia hii. Fanya kwanza mtihani mmoja kamili wa mazoezi, saa ikiwa mbele yako, upate kujua uko wapi. Kisha andika saa ulizo nazo kweli, si zile unazotamani. Toa kazi, safari na usingizi, na Dominika upumzike. Mwisho chagua siku ya mtihani. Wengi huanza na siku, kisha huzilazimisha saa ziitii. Mtihani hutolewa mara kadhaa kila mwaka, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia. Lakini usiende kujaribu bahati tu, kwani mtu haruhusiwi kuufanya zaidi ya mara 5 katika miaka 5, wala zaidi ya mara 7 maishani.

Majuma ya kwanza soma polepole, bila kujali saa, hata ufahamu kwa nini jibu moja ni sawa na mengine si sawa. Baadaye jizoeze kwa dakika 35. Majuma ya mwisho fanya mtihani mzima kila Jumamosi. Uwe na daftari la makosa: andika swali ulilokosa na sababu iliyokudanganya. Mitihani 10 isiyosahihishwa yakufaa kidogo kuliko 3 iliyochunguzwa vema.

Nanyi wazazi, saa ile moja ya jioni ni mali ya nyumba nzima. Msimtume dukani, wala msimwite kuwapokea wageni. Saa moja iliyolindwa kila siku hujenga zaidi kuliko saa sita zilizoibwa usiku mmoja.