Makofi ya Jumapili Hayamfikishi Mlevi Jumamosi

Hakuna ushuhuda unaopigiwa makofi kanisani kama wa mtu aliyeacha pombe. Anapita mbele, anashika maiki, anazitaja baa alizokuwa analala nje yake, kwaya inaingia na pambio, mama yake analia. Makofi hayo ni halali yake. Swali langu kwenu wanachuo wenzangu ni dogo tu: Jumatatu saa kumi na mbili jioni, kiu ikirudi, mtu huyo anakuwa wapi, na yuko na nani?

Nauliza kwa sababu tunasoma Moshi, na Moshi si mahali rahisi pa kuacha pombe. Kuanzia Machame, Kibosho na Uru hadi Marangu, mbege si kinywaji tu. Ni ndizi mbivu za kihambani, ulezi na gome chungu la msesewa, sawa, lakini pia ni mahari, ni upatanisho wa ndugu waliokosana, ni heshima ya wazee. Anayekataa kata ya mbege anaweza kuonekana amekataa undugu. Ukishuka mjini unakuta bia kila kona, na gongo kwa wanaojua pa kuipata. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, tukadhani tumepumua, pombe kali ya bei chee ikaendelea kuuzwa kwenye vichupa vidogo. Halafu inakuja Desemba, Wachaga wa Dar, Arusha na Nairobi wanapanda nyumbani, na mlima mzima unakuwa sherehe. Mtu aliyeacha pombe Septemba anaanza mtihani wake hapo.

Katika mazingira haya, dini zimefanya mengi, na wanaosema makanisa yanakusanya sadaka tu hawasemi kweli. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni kazi ya Shirika la Msamaria Mwema. Jina hilo tunalipita kila siku kwenye kibao bila kulifikiria. Msamaria wa kwenye Injili hakuishia kumfunga majeruhi vidonda. Alimpandisha kwenye punda wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kwamba atapita tena kumaliza deni likizidi. Sisi tumeishika vizuri ile sehemu ya kufunga vidonda. Sehemu ya kupita tena ndiyo imetushinda.

Nianze na jambo la hatari zaidi. Zipo familia ambazo, mlevi akikubali kuokoka, zinamfungia chumbani afunge na kuomba siku kadhaa bila tone la pombe. Nia ni njema. Lakini mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Hayo ni mwili uliozoea pombe kunyimwa pombe, na yanatibika hospitalini. Wenzetu wanaosoma udaktari na uuguzi wanalijua hili vizuri. Mchungaji, padri au shehe anayesema "twende kwanza tukamwone daktari, halafu tutaomba pamoja" hajapunguza imani hata kidogo. Ameokoa maisha.

Jambo la pili ni kuanguka tena. Uraibu ni ugonjwa unaorudi, kama presha inavyopanda mgonjwa akiacha dawa. Ila mgonjwa wa presha tunampelekea machungwa, na mlevi aliyerudia tunampelekea mahubiri. Tunasema "alikuwa anaigiza", "mapepo yamerudi saba". Basi anajificha, na akishajificha hakuna wa kumsaidia. Ndugu zetu Waislamu wanafundishwa kwamba hata katazo la pombe lilishuka kwa hatua, halikushuka siku moja. Kama Mwenyezi Mungu aliwapa waja wake muda, sisi ni nani wa kumpa mtu wiki mbili?

Tatu, tunaomba ushuhuda mapema mno, na baada ya ushuhuda hatuna mpango. Mtaani ninakopanga kuna bodaboda mmoja aliyetimiza miezi mitatu bila pombe. Alishuhudia, watu wakashangilia. Kibarua cha kwanza alichopewa na watu walewale kilikuwa kushusha makreti ya bia kwenye send-off. Hakuna aliyemtakia mabaya. Hakuna tu aliyemfikiria.

Sasa, nini kinafanya kazi? Mwaka 1935 kule Akron, Marekani, watu wawili, Bill Wilson na daktari Robert Smith, wote walevi, waligundua kwamba mlevi anayemsaidia mlevi mwenzake anapata nguvu ya kukaa bila kunywa. Ndipo ukazaliwa umoja wa Alcoholics Anonymous. Walitokea kwenye kikundi cha Kikristo, lakini hatua zao 12 zinamwachia kila mtu amwite Mungu kama anavyomfahamu. Wanakutana mara kwa mara, hakuna ada, na jina la mtu halitoki nje ya chumba. Hatua hizohizo zimetumika Zanzibar kwenye nyumba za upataji nafuu, na vijana wa Kiislamu walioacha heroini wakawa ndio walezi wa wanaofuata. Hapa kwetu KCMC nako umefanyiwa utafiti mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambapo muuguzi anakaa na majeruhi mwenye tatizo la pombe, anaongea naye bila kumgombeza, kisha anafuatwa kwa SMS. Huko kote dawa kubwa ni ileile: mtu anayerudi kukuuliza hali.

Na hapa ndipo dini zina kitu ambacho hospitali haina. Daktari ana siku za kliniki. Jumamosi saa nne usiku hayupo. Lakini Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo zinazokutana nyumba kwa nyumba kila wiki, Walutheri wana mitaa yao, Waislamu wanaonana msikitini mara tano kwa siku. Mtandao huo tayari unazika, unachangia harusi, unatembelea wagonjwa. Kinachokosekana ni kuliandika jina la anayepona uraibu kwenye orodha ya wagonjwa, kwa ridhaa yake na kwa siri.

Najua kuna atakayesema: pombe amejinywea mwenyewe, kwa nini sadaka ya mjane iende kwake? Jibu langu ni kwamba mara nyingi mjane huyo ndiye mama yake. Mlevi akipona, anayepumua kwanza ni mama aliyekuwa anauza ndizi Mbuyuni ili alipe madeni ya kilabuni. Nyumba nyingi za upataji nafuu zinatoza ada ya kila mwezi, na familia nyingi za vihambani haziimudu. Sadaka ikilipa miezi mitatu ya mtu mmoja, imefuta machozi ya nyumba nzima.

Kwa hiyo ninazo hoja tatu kwa USCF, TMCS, CASFETA na jumuiya ya wanafunzi Waislamu, kwa sababu ulevi hauishii mtaani, hata hosteli bumu likiingia tunayaona. Moja, kila umoja uwe na watu wawili waliofundishwa na wataalamu dalili za hatari na mahali pa kumpeleka mtu. Mbili, kiwepo chumba kimoja cha kukutana kila wiki, kisicho na maiki wala kamera, ambapo hakuna anayelazimishwa kushuhudia wala kubadili dini ndipo asaidiwe. Tatu, sherehe zetu zote ziwe na meza ya togwa, chai na maji iliyoandaliwa kwa heshima, si soda mbili za moto zilizotupwa pembeni.

Hayo hayahitaji mfadhili. Gharama yake ni ndogo kuliko vyombo vya muziki vya mkesha mmoja. Tukianza muhula huu, Desemba itakapofika na mlima ukaanza kunukia mbege, kutakuwa na mtu kule Uru au Pasua mwenye namba ya simu ya kupiga usiku, na upande wa pili kutakuwa na mtu wa kupokea.