Chumba kipya hakihitaji kiwanja kipya

Kikundi kimoja cha wafugaji nyuki, chenye tovuti ya kuuza asali, kiliamua kuuza na mizinga. Fundi wao wa kompyuta akawashauri wanunue anwani nyingine na nafasi nyingine ya kuhifadhi tovuti, yaani ada mbili mpya kila mwaka. Wakalipa. Nionavyo mimi, fedha hiyo ingetosha kufanya kazi nyingine.

Anwani ya tovuti, kama ile inayoishia na .co.tz, ni sawa na kiwanja chenye hati. Mwenye kiwanja huongeza chumba bila kununua kiwanja kingine. Chumba hicho huitwa sabudomeni: neno fupi kama "mizinga", nukta, kisha anwani yenu ileile. Kwa kawaida hakina ada yake, ingawa vifurushi vingine huweka kikomo cha idadi.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Katika cPanel, paneli inayotumiwa na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti, fungua sehemu ya Domains, bonyeza kitufe cha kuunda mpya, kisha andika neno, nukta na anwani yenu. Angalia kisanduku kinachofanya anwani zote mbili zitumie folda moja. Kikiwa na alama ya vema, iondoe. La sivyo mteja wa mizinga atakutana na ukurasa wa asali. Hifadhi, kisha weka kurasa mpya katika folda mpya. Anwani isipofunguka papo hapo, subirini saa chache.

Sisemi kila biashara ikae chumbani. Mkitarajia siku moja kuuza biashara ya mizinga peke yake, inunulieni jina lake. Tena kumbukeni kwamba ada ya anwani kuu isipolipwa, vyumba vyote hufungwa pamoja na nyumba.

Lakini hasara kubwa kuliko ada ni kutoshika funguo. Viongozi wa vikundi, muulizeni fundi wenu leo: neno la siri la paneli liko kwa nani, na anwani imeandikishwa kwa jina la nani? Kama ni jina lake, ninyi ni wapangaji katika nyumba mliyoijenga kwa fedha zenu.