Twende Ukara, Macho Yakiwa Wazi

Wapenzi akina mama, mwezi huu tunawapeleka Ukara, kisiwa kidogo kilichoko kaskazini mwa Ukerewe. Wengi tunakifahamu kwa habari za jiwe linalocheza. Kila tunapopanga safari katika vikundi vyetu, huzuka swali lile lile: je, mama Mkristo aende kuliona, tena na watoto?

Kutoka Mwanza tunapanda meli hadi Nansio, kisha gari hadi Bugolora, na hapo kivuko hadi Bwisya. Njiani waonyesheni watoto furukombe akinyakua samaki, na minandi wakianika mabawa juu ya mawe. Kisiwani waonyesheni mashamba. Wakara ni wengi na ardhi yao ni ndogo, lakini tangu zamani wanairutubisha kwa mbolea ya ng'ombe wanaofugwa nyumbani. Hilo nalo ni somo.

Jiwe lenyewe ni kubwa, limekaa juu ya mawe mengine. Wenyeji husema hucheza likiimbiwa, na kuna ukoo unaolitunza tangu enzi za mababu. Sisi tunaona si dhambi kulitazama. Mtoto asiyeelezwa na mama yake ataelezwa na wengine. Mwambieni kwamba wazee wetu walimtafuta Mungu kwa njia walizozijua. Sisi hatuliabudu jiwe, wala hatuwacheki wanaoliheshimu. Mkiombwa fedha, ulizeni kwa upole: ni ada ya kuongozwa au ni sadaka ya tambiko? Ada lipeni. Tambiko kataeni kwa adabu.

Lakini msiondoke Ukara bila kufika kwenye makaburi ya Bwisya. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kutia nanga. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa ni zaidi ya 220, wengi wao wakitoka gulioni Bugolora. Walikuwamo akina mama kama sisi, na vikapu vyao. Baadhi yao wamelala hapo Bwisya. Fedha za rambirambi zilitumika kupanua kituo cha afya cha Bwisya, nasi wauguzi tunajua maana yake kwa mjamzito aliyezungukwa na maji pande zote. Hapo nyamazeni na kuomba pamoja na watoto.

Kisha chukueni mafunzo mawili ya kurudi nayo nyumbani.

La kwanza: chombo kikijaa, shukeni. Msione haya, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea, limfungwe vizuri kabla chombo hakijaondoka.

La pili: watoto wasioge wala kucheza ziwani kandokando, penye majani na konokono. Huko ndiko kwenye kichocho. Kichocho cha tumbo huharibu ini polepole, na mtoto anaweza kuonekana mzima kwa miaka. Aliyekwisha kuingia majini apimwe choo baada ya miezi miwili hivi. Dawa ipo, nayo huponya.

Mungu aliyeumba maji na mawe awalinde safarini. Mkirudi, tusimulieni watoto waliuliza nini.