Babu, jembe na utani

Wadau, leo nimemkumbuka babu yangu wa Machame. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshasali, yuko kihambani anapalilia kahawa. Jumapili usharikani, suti ileile, na akitoka tu ibadani utani unaanza: eti mimi ni mwizi, namnyemelea mke wake, yaani bibi!

Hapa chuo kuna wanaodhani mlokole wa kweli lazima anune. Wengine tunakesha kuombea mitihani wakati daftari halijafunguliwa. Mimi nakataa. Babu aliomba mvua akiwa ameshachimba mashimo ya migomba.

Alipofariki nilikuwa kwenye mitihani, sikumzika. Bado inaniuma. Deni lake nalilipa hivi: nasali, nasoma, nacheka. Nyie mnaonaje?